Tuhesabu mbwa waliochanjwa, si mbwa waliouawa

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 limezikabidhi serikali za kaunti jukumu ambalo wananchi wachache hulikumbuka: udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa na vituo vya kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Jukumu hilo limeorodheshwa katika sehemu ile ile inayotaja kilimo, afya, masoko na barabara za kaunti, wala si nyongeza iliyoachiwa hiari ya gavana. Hata hivyo, katika mikutano ya ushirikishwaji wa umma ninayohudhuria hapa Pwani, mifugo huzungumzwa kama mali ya kuuzwa, na mbwa huzungumzwa kama kero ya kuondolewa. Ni nadra sana kusikia mtu akiuliza kaunti inakusudia kufikia nini kuhusu wanyama wanaoishi miongoni mwetu, na itajuaje kwamba imefika.

Kwa sababu hiyo ninaunga mkono wazo la kila kaunti kuwa na bodi ya ushauri ya ustawi wa wanyama, yenye wajumbe wasiolipwa mshahara, inayokutana hadharani na kuandika malengo yake kwa namna ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuyafuatilia. Wazo hili halikuanzia kwetu. Nchini Marekani bodi za namna hii ni jambo la kawaida katika kaunti nyingi, na baadhi zimeleta mabadiliko makubwa. Katika jiji la Austin, jimbo la Texas, iko tume ya ushauri wa masuala ya wanyama inayohudumia jiji pamoja na Kaunti ya Travis. Mnamo Machi 2010 baraza la jiji lilipitisha mpango uliotaka angalau asilimia 90 ya wanyama wanaoingia katika kituo cha umma watoke wakiwa hai, ama kwa kurudishwa kwa wenyewe, ama kwa kupata familia mpya, ama kwa kuchukuliwa na vikundi vya uokoaji. Mwaka uliofuata lengo hilo lilifikiwa. Ninachokithamini katika habari ya Austin ni kwamba lengo lilikuwa moja, lilikuwa na tarakimu, na lilipimwa mbele ya watu.

Tungeweza kuichukua bodi hiyo na kuinakili neno kwa neno, lakini hapo tungekosea. Mahesabu ya Marekani hufanyika mlangoni mwa kituo: wameingia wangapi, wametoka wangapi, wamekufa wangapi. Mbwa wetu hawapiti katika mlango huo. Sehemu kubwa ya mbwa tunaowaona wakirandaranda karibu na majalala, machinjioni na vibanda vya kuuzia nyama wana wenyewe. Usiku hulinda boma, asubuhi hutoka kutafuta chakula, na jioni hurudi walikotoka. Ni mbwa wa mtu, ila hawafungwi, hawana leseni, na mara nyingi hawajawahi kuguswa na daktari wa mifugo. Bodi ya kaunti ya Kenya itakayoanza kazi kwa kudai jengo la kuwahifadhi mbwa itakuwa imechukua jibu la swali la watu wengine. Kipimo kinachotufaa sisi ni idadi ya mbwa waliochanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa katika kila wadi, kila mwaka. Lengo hilo ndilo ningeliweka mbele ya mengine yote, na ninaamini kwamba yaliyobaki yatakuwa rahisi zaidi likishatimizwa.

Kichaa cha mbwa kinapoanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vya watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, karibu vyote vikitokana na kuumwa na mbwa, na takriban asilimia 40 ya wahanga ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Nchini Kenya makadirio yanayotajwa na serikali hufikia watu 2,000 kwa mwaka. Serikali ilizindua mkakati wa kukitokomeza ugonjwa huu kwa binadamu kati ya mwaka 2014 na 2030, na nguzo yake kuu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka kwa miaka mitatu mfululizo. Mwaka 2030 hauko mbali tena.

Asilimia 70 ina hesabu yake. Mbwa mmoja mwenye kichaa humwambukiza, kwa wastani, mbwa mmoja hadi wawili wengine. Kiwango hicho cha maambukizi ni kidogo kikilinganishwa na magonjwa mengi, na ndiyo maana ugonjwa huu unaweza kukatizwa kwa chanjo. Tatizo ni kwamba mbwa wetu hawaishi muda mrefu. Wengi hufa wakingali wachanga, wengine hugongwa na magari, na watoto wapya huzaliwa kila msimu bila kinga yoyote. Wadi iliyochanja asilimia 70 mwezi wa Septemba haitakuwa na asilimia 70 ifikapo Septemba inayofuata. Kiwango hicho kimewekwa juu ili, baada ya vifo na vizazi vya mwaka mzima, mbwa wenye kinga wabaki wengi vya kutosha kuuzuia ugonjwa usienee hadi kampeni nyingine ifike. Anayechanja mwaka mmoja na kupumzika miwili, basi, anazitumia fedha za umma bila kupata alichokikusudia.

Mfano ulio karibu nasi ni Pemba. Kisiwa hicho kiliendesha kampeni za kuchanja mbwa hadi ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Baadaye chanjo zikalegea, na mwaka 2016 kichaa kikarejea. Kampeni zikaanzishwa upya, safari hii kwa kufuatilia kila tukio la mtu kuumwa, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 maambukizi yalikuwa yamekatika tena. Katika kisiwa kimoja, ndani ya miaka michache, pande zote mbili za jambo zilionekana: kinachotokea chanjo inapofika kila kijiji, na kinachotokea inapoachwa.

Upande wa pili kuna mauaji. Kwa miaka mingi malalamiko kuhusu mbwa yalijibiwa kwa risasi au kwa vipande vya nyama vilivyotiwa sumu ya strikinini. Aliyewahi kumwona mnyama aliyekula sumu hiyo hahitaji kuelezwa kwa nini viwango vya kimataifa vya afya ya wanyama vinaikataa: misuli hukakamaa, mwili hujikunja na kujinyoosha kwa mishtuko, fahamu zikiwepo, mpaka pumzi ikatike. Mtoto anaweza kuiokota nyama hiyo, na ndege na paka huila. Ukatili huo peke yake unanitosha kuupinga utaratibu huu, lakini najua kwamba wapo wajumbe wa mabunge ya kaunti wasioshawishika kwa huruma, kwa hiyo nawapa sababu nyingine: mauaji hayazuii kichaa. Kisiwa cha Bali nchini Indonesia kilipovamiwa na ugonjwa huu mwaka 2008, mamlaka ziliwaua mbwa kwa wingi mno, na ugonjwa ukaendelea kuenea. Watu walianza kupata afueni baada ya kampeni za chanjo za kisiwa kizima zilizoanza mwaka 2010.

Sababu zake si ngumu kuzielewa. Bunduki haichagui, hivyo huwaua pia mbwa waliokwisha kuchanjwa, ambao ndio ukuta wetu dhidi ya ugonjwa. Nafasi zao huzibwa upesi na watoto wa mbwa wasio na kinga, wanaoletwa na wenye maboma wanaohitaji ulinzi. Tena, mwenye mbwa akishamhusisha afisa wa mifugo na kifo, siku ya chanjo atamficha mbwa wake ndani ya nyumba. Wadi iliyowahi kuendeshewa msako inaweza kuchukua muda mrefu kuirudisha imani hiyo, na hakuna bajeti inayoweza kuinunua.

Niliwahi kusimama kutwa nzima kwenye kituo cha chanjo chini ya mkorosho, karibu na ofisi ya chifu, na ningependa kila mjumbe wa bodi afanye hivyo kabla hajaandika lengo lolote. Kabla jua halijapanda, wavulana walikuwa wamekwisha kufika, kila mmoja akimvuta mbwa kwa kamba ya katani au kwa kipande cha nyaya, na mbwa wakibwekeana kwa sababu hawajazoea kukaa karibu na wageni. Msichana mmoja alimleta paka ndani ya kikapu kilichofunikwa kwa kanga na kufungwa fundo. Msaidizi wa daktari alimwomba kila mwenye mbwa amshike mwenyewe kichwa na kumziba macho kwa kiganja, sindano ikaingia chini ya ngozi ya shingo kwa muda usiotosha hata mbwa kugeuka, kisha rangi ya samawati ikapulizwa mgongoni na cheti kikaandikwa. Jina la mbwa liliulizwa kwa heshima ile ile aliyoulizwa mwenyewe. Simba walikuwa wengi.

Rangi ile ina kazi ambayo watu wengi hawaijui, nayo ndiyo inayolifanya lengo liweze kupimwa. Kampeni ikishamalizika, wahesabuji hupita vijijini asubuhi mapema au jioni, wakati mbwa wako nje, wakifuata njia zilizopangwa na kuandika kila mbwa wanayemwona: huyu ana alama, huyu hana. Mgawanyo huo hutoa kiwango cha chanjo cha kijiji hicho bila ya mtu yeyote kulazimika kukisia idadi ya mbwa wote. Kijiji kilichobaki chini ya asilimia 70 hurudiwa wiki hiyo hiyo. Bila hesabu hiyo, ripoti ya kaunti itasema tu kwamba dozi kadhaa zilitumika, na hakuna atakayejua kama zote zilitumika mjini huku vijiji vya mbali vikiachwa wazi. Kwa hiyo lengo la kwanza la bodi lisiishie kwenye idadi ya dozi zilizonunuliwa. Liseme kwamba kila kijiji kitahesabiwa na matokeo yake yatabandikwa kwenye ubao wa chifu.

Lipo pingamizi la umbali na ubaridi. Chanjo huhitaji jokofu, na maeneo mengi ya kaunti zetu hayana umeme wa uhakika. Utafiti uliofanywa na wataalamu wanaofanya kazi Tanzania umeonyesha kwamba aina mojawapo ya chanjo ya mbwa hubaki na nguvu yake hata ikihifadhiwa kwenye nyuzi 25 za Selsiasi kwa miezi 6, na vyombo vya kupoza vilivyobuniwa kwa mfano wa mtungi, vinavyotumia uvukizi wa maji, vimejaribiwa kwa kazi hiyo. Maana yake ni kwamba dozi zinaweza kukaa kijijini kwa mtu aliyefunzwa, na mbwa aliyezaliwa mwezi wa Februari hatalazimika kuusubiri msafara wa Septemba. Bodi yenye mjumbe mmoja anayeijua kazi hii ingeyaona mambo hayo haraka, na hapo ndipo faida ya bodi ilipo.

Lengo la pili linahusu mtu aliyekwisha kuumwa, maana ustawi wa wanyama na afya ya watu haviwezi kutenganishwa hapa. Jeraha linapaswa kuoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali kuanza chanjo siku hiyo hiyo. Haya hufundishwa, ingawa si kwa kiwango cha kutosha. Yasiyofundishwa kabisa ni ya upande wa mbwa. Mbwa aliyemuuma mtu akifungwa na kuangaliwa kwa siku 10, akabaki mzima, hakuwa na uwezo wa kuambukiza kichaa siku alipouma, na daktari anaweza kuamua kuisitisha chanjo ya mgonjwa. Badala yake umati humuua mbwa papo hapo, mara nyingi kwa kumponda kichwa, ilhali ubongo ndio unaopimwa maabara. Familia hubaki bila kujua, zahanati hubaki bila kujua, na dozi ambazo pengine hazikuhitajika hutumika huku mtoto mwingine akikosa. Bodi idai jambo moja la kiutaratibu: kila mtu anayefika kituo cha afya kwa kuumwa na mbwa, afisa wa mifugo wa wadi apigiwe simu siku hiyo, naye afike bomani. Wataalamu huita ushirikiano wa namna hii Afya Moja, na hapa kwetu gharama yake ni simu na mafuta ya pikipiki.

Kuhusu kuwafunga uzazi mbwa na paka nitasema machache. Ni jambo jema, linapunguza watoto wanaotupwa kwenye magunia kando ya barabara, na paka wa miji ya kale kama Lamu na Mombasa wanalihitaji hasa. Lakini upasuaji huhitaji daktari, dawa ya usingizi na mahali safi, kwa hiyo haliwezi kuenda kwa kasi ya sindano. Nisingependa bodi ilitumie kama sababu ya kuchelewesha chanjo.

Punda wanahitaji maneno zaidi, kwa sababu yaliyowapata ni funzo la jinsi kaunti zinavyoweza kulala. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya, na ile ya mwaka 2019 ikahesabu wapatao milioni 1.2. Katikati ya muongo huo machinjio ya punda yalifunguliwa, yakilenga zaidi ngozi, ambayo hupelekwa China kutengenezwa gundi inayotumika kama dawa na kipodozi. Wizi ukafuata. Familia zililala zikiwa na punda na kuamka zikikuta fuvu na kwato vichakani. Mnamo Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo, na mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda barani kote kwa miaka 15. Muda huo wote, mwenye punda wa kijijini hakuwa na meza ya kaunti ya kupeleka malalamiko yake isipokuwa kituo cha polisi.

Makubaliano ya wakuu wa nchi hayalindi punda peke yake. Bodi ya kaunti inaweza kuweka daftari la punda katika kila wadi na alama ya kumtambulisha kila mnyama, ili anayemsafirisha usiku aulizwe karatasi. Inaweza pia kuangalia hali ya punda walio hai. Mkokoteni wa maji uliobeba mitungi 20 ya lita 20 una kilo 400 za maji kabla hujahesabu mbao, magurudumu na dereva aliyekaa juu. Punda huliwa na kamba begani na mgongoni, ngozi ikachubuka, na kesho yake kamba ile ile hufungwa juu ya kidonda kile kile. Wenye punda niliozungumza nao si watu wakatili. Wengi hawakuwahi kuonyeshwa jinsi ya kutandika gunia laini chini ya kamba, wala hawana mahali pa kumnywesha mnyama sokoni. Birika la maji na kivuli karibu na kila kituo cha kujazia mitungi ni lengo dogo, linajengeka kwa mwaka mmoja wa fedha, na ningelipa kipaumbele kuliko msako wowote wa kuwakamata madereva. Kule Lamu, ambako punda hupita pasipopita gari, kituo cha hisani cha kuwatibu kimekuwapo tangu miaka ya 1980, na ni ushahidi kwamba mwenye punda akipewa huduma ya karibu huitumia.

Sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, ipo, lakini adhabu yake ya kawaida iliandikwa kuwa faini isiyozidi shilingi 3,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, kiwango ambacho hakimtishi mfanyabiashara yeyote. Kuibadilisha ni kazi ya Bunge la Taifa. Bodi inaweza kupendekeza, lakini isiusubiri mwaka wa mageuzi hayo ndipo ianze kazi.

Kuhusu wajumbe, ningetaka daktari wa mifugo, afisa wa afya ya umma, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye punda anayeendesha mkokoteni mwenyewe, mfugaji, mchinjaji, na angalau mama mmoja ambaye mtoto wake ameumwa na mbwa. Ningependa pia viongozi wa dini washirikishwe mapema, kwa sababu hapa Pwani majirani wengi Waislamu hawafugi mbwa ndani ya nyumba, lakini wanaujua vyema wajibu wa kumnywesha mnyama mwenye kiu, na neno la imamu baada ya sala ya Ijumaa litafika mahali ambapo bango la kaunti halifiki. Chanjo isipangwe siku za masomo, maana wanaowaleta mbwa ni watoto.

Yote haya hayatakuwa na maana yasipoingia katika karatasi za bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kila kaunti hutakiwa kufikishwa katika bunge la kaunti kabla au ifikapo tarehe 1 Septemba, mwelekeo wa matumizi hufuata ifikapo 28 Februari, na makadirio ya bajeti ifikapo 30 Aprili, kwa ajili ya mwaka unaoanza tarehe 1 Julai. Lengo ambalo halimo katika karatasi ya Septemba ni vigumu sana kulitafutia fedha mwezi wa Aprili, hata mwakilishi wadi akiwa rafiki yako. Kwa hiyo waraka wangu kwa kaunti nitaupeleka mapema, na nimeuandika kwa sentensi tatu tu ili usipotee ndani ya makabrasha: kila kijiji kifikie asilimia 70 ya mbwa waliochanjwa na matokeo yabandikwe hadharani, kila tukio la mtu kuumwa lifuatiliwe bomani siku hiyo hiyo, na kila kituo cha maji kinachotumiwa na mikokoteni ya punda kiwe na birika na kivuli. Wasomaji wa kaunti nyingine wanaotaka kuuchukua waraka huo na kuubadilisha jina la wadi wana ruhusa yangu kamili.